Pengo la Osmolari Halisomwi bila Saa: Mbinu kwa Anayempokea Mgonjwa wa Pombe ya Sumu

Pombe yenye methanoli haiui saa ile ile inaponywewa. Mtu hunywa jioni, hulala, huamka na kichwa kizito anachodhani ni uchovu wa kawaida wa pombe. Kati ya saa 12 na 24 baadaye, pengine zaidi, ndipo tumbo linaanza kusokota, pumzi inakwenda mbio, na macho yanaona ukungu mweupe. Katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, saa hizo huongezeka njiani. Mchimba dhahabu wa Misisi atafute pikipiki na mtu wa kumshikilia nyuma, mkazi wa rasi ya Ubwari angoje boti, na kama mvua imenyesha au barabara haina usalama, safari inasogezwa hadi kesho. Anapofika Baraka, Nundu au Fizi mjini, sumu iliyo mwilini mwake si ile aliyoinywa. Imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine.

Kipimo kinachotajwa sana vitabuni kwa mgonjwa wa aina hii ni pengo la osmolari. Ni kipimo kizuri, lakini kimewapotosha waganga wengi kwa sababu moja: wanaitazama namba wakasahau saa. Makala haya yanaeleza namna ya kupata namba hiyo kwa usahihi, namna ya kuisoma, na la kufanya pale ambapo haipatikani kabisa, hali ambayo hospitali nyingi za zone za afya zetu ziko ndani yake.

Majirani wametufundisha nini

Kenya imeumia mara nyingi. Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mwaka 2014 ilikuja milipuko miwili, Mei na Julai. Wataalamu wa MSF, shirika ambalo watu wa Baraka wanalijua kwa miaka mingi ya kazi hospitalini, walifanya kazi pamoja na wenzao wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Oslo na wakaandika kilichotokea: wagonjwa takriban 341 katika mlipuko wa kwanza, wakafa 100, wagonjwa takriban 126 katika wa pili, wakafa 26. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Libya ilipata wagonjwa zaidi ya 1,000, na waliokufa walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Uganda nayo ilizika makumi ya watu wa kusini-magharibi mwezi Aprili 2010 baada ya kunywa waragi iliyotiwa methanoli.

Katika milipuko mikubwa ya namna hii, chanzo kwa kawaida si mama anayepika kanyanga au lutuku nyuma ya nyumba yake. Kuchacha kwa ndizi, mahindi au muhogo huzaa methanoli kidogo sana. Wingi unaoua hutoka kwenye methanoli ya viwandani ambayo mtu ameinunua kwa bei nafuu akaichanganya ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Kwa hiyo ukiona mgonjwa mmoja, amini kwamba dumu hilo lina wanywaji wengine.

Kipimo kinapima nini

Ndani ya maji ya damu kuna chembe zilizoyeyuka: chumvi, sukari, urea na nyinginezo. Osmolaliti ni jumla ya chembe hizo katika kila kilo ya maji. Kwa mtu mzima mwenye afya iko kati ya miliosmoli 275 na 295. Mashine iitwayo osmometa huipima moja kwa moja. Sisi nasi tunaweza kuikadiria kwa hesabu, kwa kuwa karibu chembe zote muhimu zinajulikana.

Fikiria gunia la ndagala linaloshushwa ufukweni Baraka. Karatasi inasema kilo 50, mizani inasema 65. Kilo 15 zilizozidi ni kitu ambacho hakikuandikwa. Pengo la osmolari ni hicho: kilichopimwa na mashine, ukitoa kilichoandikwa na hesabu. Methanoli, ethanoli, ethileni glikoli na isopropanoli zote huingia katika damu kama mzigo usioandikwa. Ila mizani haisemi ni mzigo gani. Inasema tu kwamba upo.

Hatua ya kwanza: chukua damu ipasavyo

Namba mbaya huanzia kwenye sindano. Zingatia haya:

1. Chukua sampuli zote kwa wakati mmoja, katika mchomo mmoja: osmolaliti, sodiamu, kloridi, bikaboneti, glukosi, urea, kreatinini, na ethanoli kama inapimwa. Sodiamu ya asubuhi na osmolaliti ya jioni hazifanyi hesabu moja.
2. Tumia tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, au yenye heparini. Tyubu zenye floraidi, oksaleti, sitreti au EDTA huongeza chembe zake zenyewe na kukuzalishia pengo la uongo.
3. Usisafishe ngozi kwa spiriti. Tumia iodini. Spiriti kidogo ikiingia, kipimo cha ethanoli kimeharibika.
4. Funga tyubu vizuri na mara moja. Alkoholi huruka hewani.
5. Uliza maabara osmometa yao inafanya kazi vipi. Ile inayopima kwa kugandisha ndiyo inayofaa. Ile inayopima kwa mvuke huzipoteza alkoholi zinazoruka, na mgonjwa wa methanoli anaweza kuonekana hana pengo lolote.
6. Andika saa mbili kwenye karatasi: saa aliyokunywa mara ya mwisho na saa ya kuchukua damu. Bila saa hizo mbili, jibu litakalorudi kutoka Uvira au Bukavu litakuwa nusu jibu.
7. Chukua damu kabla ya kumpa manitoli, na ikiwezekana kabla ya kuanza ethanoli ya matibabu. Lakini kama sindano inachelewa, tiba isingoje.

Hatua ya pili: piga hesabu, na angalia vipimo vyako viko katika kizio gani

Kanuni ni fupi. Zidisha sodiamu mara mbili, ongeza glukosi, ongeza urea, zote zikiwa katika milimoli kwa lita. Jumla hiyo ndiyo osmolaliti ya hesabu. Itoe kwenye ile iliyopimwa. Kinachobaki ni pengo.

Ugumu kwetu uko kwenye vizio. Maabara nyingi za Kongo zinafuata desturi ya Kifaransa na Kibelgiji: glukosi na urea huandikwa kwa miligramu kwa desilita au gramu kwa lita. Badilisha hivi:

- Glukosi kwa miligramu kwa desilita: gawanya kwa 18. Kwa gramu kwa lita: zidisha kwa 5.55.
- Urea kwa miligramu kwa desilita: gawanya kwa 6. Kwa gramu kwa lita: zidisha kwa 16.7.
- Ethanoli kwa gramu kwa lita: zidisha kwa 21.7.

Shika sana mstari wa urea. Vitabu vya Marekani na programu nyingi za simu zinagawanya kwa 2.8. Kigawanyo hicho ni cha naitrojeni ya urea, kipimo ambacho Wamarekani hukitumia, na ambacho ni karibu nusu tu ya urea nzima. Ukiichukua urea ya maabara ya kwetu ukaigawanya kwa 2.8, utaihesabu zaidi ya mara mbili. Mgonjwa mwenye urea ya miligramu 120 ana milimoli 20. Kwa kigawanyo kisicho chake atasomeka ana karibu 43. Osmolaliti ya hesabu itapanda kwa 23 bila haki, na pengo la kweli la 30 litaonekana ni 7. Mgonjwa mwenye sumu ataambiwa hana kitu. Kabla ya kuitumia programu yoyote ya simu, hakikisha inauliza urea au naitrojeni ya urea.

Mfano wa kufanyia mazoezi

Tuchukue mgonjwa wa kubuni, kijana aliyefika saa nne baada ya kunywa. Sodiamu 138. Glukosi miligramu 108, sawa na milimoli 6. Urea miligramu 30, sawa na milimoli 5. Hesabu: 276, ongeza 6, ongeza 5, jumla 287. Osmometa imesoma 342. Pengo ni 55.

Hapo usikimbilie methanoli bado. Ethanoli, pombe ya kawaida, nayo huzaa pengo. Tuseme ethanoli yake imepimwa gramu 0.92 kwa lita, ambayo ni milimoli 20. Toa 20 kwenye 55, inabaki 35 isiyo na mwenyewe. Kama yote ni methanoli, zidisha kwa 3.2 upate miligramu 112 kwa desilita, yaani gramu 1.12 kwa lita. Hicho ni kiwango cha kuua. Na kijana huyu anaweza kuwa amekaa kitandani anazungumza vizuri, bikaboneti yake ni ya kawaida, kwa sababu ini bado linashughulikia ethanoli na halijaigusa methanoli. Huyu ndiye mgonjwa anayeokoka kwa urahisi kuliko wote, na ndiye anayerudishwa nyumbani kwa urahisi kuliko wote.

Hatua ya tatu: soma pengo pamoja na saa

Methanoli yenyewe hulevya tu. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayochoma neva ya jicho na kuzima upumuaji wa seli. Sasa tazama kinachotokea kwenye namba. Methanoli nzima inaongeza pengo la osmolari. Ikishageuka fomiki haiongezi tena, kwa sababu kila chembe ya asidi inatembea na sodiamu, na sodiamu tumekwisha kuihesabu mara mbili. Badala yake hupanda pengo jingine, la anioni: sodiamu ukitoa jumla ya kloridi na bikaboneti. Kwa kawaida hili liko kati ya 8 na 12.

Kwa hiyo mapengo mawili yanapishana njiani. Mapema, la osmolari liko juu na la anioni ni la kawaida. Katikati, yote mawili yako juu. Mwishoni, la osmolari limeshuka na la anioni limepanda sana. Bila tiba, mwili huondoa takriban miligramu 85 za methanoli kwa lita kila saa, na pengo la osmolari hupungua kwa karibu 2.7 kila saa. Yule kijana mwenye 35 za ziada, akikaa saa 12 njiani baada ya ethanoli kumwishia, atafika na 3.

Mgonjwa wa pili wa kubuni: amekunywa juzi usiku, amefika leo anahema na anasema haoni vizuri. Sodiamu 140, glukosi milimoli 7, urea milimoli 8. Hesabu ni 295. Iliyopimwa ni 303. Pengo la osmolari ni 8, namba ambayo kila kitabu kinaiita ya kawaida. Lakini kloridi ni 103 na bikaboneti 5: pengo la anioni ni 32. Huyu ana sumu zaidi ya yule wa kwanza, ingawa mizani ya osmolari haimwoni tena.

Hatua ya nne: ukubwa wa pengo unasema nini

- Zaidi ya 50, baada ya kutoa ethanoli: karibu hakuna kingine kinachofanya hivyo ila alkoholi yenye sumu. Tibu.
- Kati ya 25 na 50: shaka ni kubwa. Tibu kama kuna historia ya kunywa au asidi katika damu.
- Kati ya 10 na 25: eneo la mashaka. Magonjwa mengine mazito hufika hapo. Historia, macho, pumzi na bikaboneti ndivyo viamuzi.
- Chini ya 10: haithibitishi usalama hata kidogo. Watu wenye afya huanzia kwenye hasi 10 au chini yake hadi 10. Mtu ambaye kawaida yake ni hasi 10, leo akiwa na 8, amepanda kwa 18, na hizo zinatosha kuwa miligramu 58 za methanoli kwa desilita.

Ethileni glikoli, iliyomo katika maji ya rejeta ya magari, ni fiche zaidi kwa sababu chembe yake ni nzito. Gramu 0.5 kwa lita, kiasi cha kuharibu figo, huongeza miliosmoli 8 tu. Isopropanoli kwa upande wake huongeza pengo bila kuleta asidi. Mkojo huonyesha ketoni na pumzi hunukia asetoni.

Akademia ya Marekani ya Toksikolojia ya Tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2002, iliweka kipimo cha kuanza dawa ambacho kinafaa hata huku: historia ya uhakika ya kunywa methanoli pamoja na pengo linalozidi 10, au shaka kubwa pamoja na mawili kati ya matatu haya: pH chini ya 7.3, bikaboneti chini ya 20, pengo la osmolari zaidi ya 10. Tazama kwamba mgonjwa anaweza kustahili dawa bila pengo la osmolari kabisa.

Vinavyoiga pengo

Si kila pengo ni sumu. Kisukari chenye ketoni, ulevi wa muda mrefu wenye njaa na ketoni, mshtuko wenye asidi ya laktiki, na figo zilizochoka huweza kuliinua hadi 20 hivi. Manitoli huliinua. Diazepamu ya sindano ikitolewa kwa wingi nayo huliinua, kwa sababu ya kimiminika ilichoyeyushwa ndani yake. Mafuta au protini nyingi mno katika damu hushusha sodiamu kwa uongo na kulizalisha.

Kwetu iko hatari nyingine ya kila siku: malaria. Mgonjwa asiyejitambua, anayehema, mwenye kipimo cha haraka chanya, anaandikiwa artesuneti na faili linafungwa. Malaria kali kweli huleta asidi na kukosa fahamu. Lakini katika nchi yenye malaria, kipimo chanya hakizuii mtu kuwa amekunywa sumu. Mpe artesuneti, kisha uliza pombe. Tazama mboni: zikiwa pana na hazijibu mwanga, shuku methanoli, zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, fikiria dawa za kuulia wadudu shambani.

Kama hakuna osmometa

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na hapa hapa wagonjwa wanaweza kuokolewa. Fuata mfuatano huu:

1. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi ndefu, za kina na za haraka kwa mtu ambaye mapafu yake ni safi ni asidi mpaka ithibitishwe vingine.
2. Pima sukari na ketoni za mkojo. Sukari ya kawaida na ketoni hafifu, huku anahema hivyo, zinaondoa kisukari kwenye orodha na kuipandisha methanoli.
3. Uliza macho kwa maneno ya nyumbani: unaona moshi? unaona weupe? taa inakuumiza? Mwonyeshe vidole.
4. Kama elektroliti zinapimwa, tafuta pengo la anioni. Likizidi 20 bila sababu inayoonekana, usiliache.
5. Uliza nani mwingine alikunywa hapo. Wawili au watatu waliokunywa dumu moja na kuugua siku moja wana uzito kuliko kipimo chochote cha maabara yetu.
6. Rudia uchunguzi kila saa mbili. Anayeonekana mzima leo akiwa bado amelewa lazima alale hospitalini. Ethanoli ikimwishia, ndipo methanoli itaanza kugeuka.

Tiba isingoje namba

Fomepizoli iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013, lakini ni ghali na ni adimu. Ethanoli inafanya kazi ile ile: ini huipendelea kuliko methanoli, hivyo methanoli inabaki bila kugeuka. Kiwango kinachotakiwa katika damu ni gramu 1 hadi 1.5 kwa lita. Kwa mdomo au mrija wa puani, tumia pombe kali ya kiwandani ya asilimia 40, iliyofungwa na inayojulikana, kamwe si ile iliyomwangusha. Dozi ya kwanza ni mililita 2.5 kwa kilo, ikichanganywa na kiasi sawa cha maji au juisi. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 150. Kisha kila saa mililita 0.2 kwa kilo kwa asiyezoea pombe, hadi 0.5 kwa mnywaji wa kila siku: yaani 12 hadi 30 kwa mtu huyo wa kilo 60. Aliyefika bado amelewa sana anahitaji dozi ya kwanza ndogo zaidi. Daktari asimamie, koo na pumzi vilindwe kwa asiyejitambua, na sukari ipimwe kila saa moja au mbili, hasa kwa mtoto, maana ethanoli huishusha.

Pamoja na hiyo, bikaboneti ya mshipani kurekebisha asidi. Folinati au, ikikosekana, asidi ya foliki miligramu 1 kwa kilo, isizidi 50, kila saa nne hadi sita, ili mwili uondoe fomiki. Thiamini kwa mlevi wa kudumu.

Kundi la kimataifa la wataalamu liitwalo EXTRIP lilipendekeza mwaka 2015 kwamba damu isafishwe kwa mashine iwapo mgonjwa wa methanoli ana kukosa fahamu, degedege, kasoro mpya ya kuona, pH ya 7.15 au chini, au pengo la anioni linalozidi 24. Piga simu kabla ya kumpakia mgonjwa: mashine ipo? inafanya kazi leo? barabara inapitika? Anza ethanoli kabla ya gari kuondoka, na mtume na muuguzi atakayeendelea kuitoa kila saa.

Kumbuka kwamba ukishaanza ethanoli, dawa yenyewe huongeza pengo kwa 22 hadi 33. Lazima uitoe kwenye hesabu. Methanoli iliyozuiwa kugeuka hutoka mwilini polepole, nusu yake kwa karibu siku mbili, kwa hiyo tiba bila mashine ni ya siku kadhaa. Hapo ndipo pengo la osmolari linapokuwa na faida ya pili: likirudi chini baada ya kutoa ethanoli, na asidi ikiwa imekwisha, unaweza kuacha.

Watoto na dawa za maji

Mtoto aliyeacha kukojoa baada ya kunywa dawa ya kikohozi naye awe akilini mwako. Gambia mwaka 2022 ilipoteza watoto zaidi ya 60 kwa dawa za maji zilizokuwa na diethileni glikoli na ethileni glikoli. Kameruni ilipata msiba wa aina hiyo 2023. Diethileni glikoli ni nzito zaidi tena, na pengo lake huwa dogo. Kwa mtoto huyo tafuta kreatinini, hifadhi chupa ya dawa, na usidanganywe na pengo la kawaida.

Baada ya mgonjwa wa kwanza

Mjulishe daktari mkuu wa zone ya afya siku hiyo hiyo. Watume reko (wahudumu wa afya wa jamii) wa kijiji waende kwa waliokunywa pamoja naye, wawalete hata kama wanajisikia wazima. Omba mabaki ya pombe, yafungwe, yaandikwe mahali na tarehe. Usiwatishe wauzaji kwa polisi mbele ya wagonjwa. Anayeogopa kukamatwa hafiki hospitalini, na macho yake hayangoji.

Yabandikeni maneno haya ukutani katika chumba cha dharura: pengo kubwa, tibu; pengo dogo, uliza saa na hesabu pumzi; hakuna osmometa, anza ethanoli ukiwa na shaka ya haki. Na chupa moja ya pombe kali ya kiwandani iliyofungwa iwekwe katika kabati la dawa za dharura la kila hospitali ya Fizi, ikaguliwe kila mwezi kama dawa nyingine zote.